Kompyuta ya mtumba ikigoma kupigwa Windows: mwongozo kamili wa kutafuta tatizo

Nilinunua HP EliteBook 840 G3 Kariakoo ikiwa inawaka vizuri, Windows ipo, chaja ipo. "Kaka, hii chukua tu, haina shida," muuzaji akaniambia, na kweli haikuwa nayo. Shida niliileta mwenyewe nyumbani nilipoamua kuifuta na kuipiga Windows upya, maana sipendi kurithi programu za mtu nisiyemjua. Ilipofika asilimia 37 ikagoma. Nikaanza upya, ikagoma palepale. Nikaazima flashi nyingine. Safari hii ikavuka, ikafika mwisho, ikajizima na kujiwasha, kisha ikaniuliza tena nachagua lugha gani, kana kwamba hatujawahi kuonana. Saa nane usiku nilikuwa bado nabofya "Next".

Kumbe yalikuwa mambo mawili yasiyohusiana. Flashi yangu ilikuwa feki: nje imeandikwa GB 64, ndani haikufika hata robo ya hapo. La pili halikuwa hata tatizo la mashine: sikuchomoa flashi kompyuta ilipojiwasha, ndiyo maana ikaanza kazi upya kutoka mwanzo.

Tangu siku hiyo nikiletewa kompyuta iliyogoma, sikimbilii kurudia usakinishaji. Mashine ya mtumba ina maisha ya nyuma: ofisi iliyoimiliki, fundi aliyeifungua, mipangilio iliyoachwa ndani, vifaa vilivyochoka. Mara nyingi kinachogoma kimejificha humo, na ujumbe wa kwenye skrini unakuonyesha moshi tu. Kwa hiyo nakwenda kwa mpangilio, kuanzia mambo yasiyo na dawa hadi yale madogo ya dakika mbili.

Kwanza, ni yako kweli?

Mashine nyingi za aina hii, yaani EliteBook, Latitude na ThinkPad, zilikuwa za maofisi kabla ya kuingia kwenye kontena. Ofisi hufunga kompyuta zake kwa namna ambazo kufuta diski hakuzigusi kabisa.

Ingia BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine inayotangulia Windows, kabla hujafanya lolote. Kwenye HP, washa huku ukigonga Esc, kisha F10. Dell ni F2, ThinkPad ni F1. Ikikuomba nywila usiyoijua, rudisha mashine dukani. Usidanganywe kwamba ukichomoa betri ndogo ya ubao nywila itafutika. Kwenye ThinkPad, kwa mfano, nywila ya msimamizi inakaa kwenye chipu ya ubao na haitegemei betri hiyo. Ukishaingia, tafuta sehemu ya "Security" uangalie kama kuna "Computrace" au "Absolute" iliyowashwa. Hiyo ni huduma ya kufuatilia kompyuta iliyopotea au kuibwa, na mwenye haki ya kuizima ni aliyeiwasha.

Kifungo cha pili hujitokeza mwishoni kabisa, na ndicho kinachouma zaidi. Unapiga Windows vizuri, unaunganisha intaneti, halafu badala ya kukuuliza jina lako inakukaribisha kwenye kampuni ya watu na kudai barua pepe ya kazini. Mashine hiyo imesajiliwa kwenye mfumo wa Microsoft unaoitwa Autopilot. Usajili uko kwenye seva, hauko kwenye diski, hivyo hata ukibadili diski mara kumi utarudi palepale. Kampuni iliyoisajili ndiyo inayoweza kuiondoa. Kompyuta za Apple nazo zina kifungo cha namna hiyo kinachofuata akaunti ya mwenye mali. Ndiyo maana, kama muuzaji anakubali, mwambie aipige upya mbele yako ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu yako. Utakaa dukani saa moja na ushee, lakini hutauziwa mbuzi kwenye gunia.

Pima diski na RAM kabla ya kulaumu Windows

Hatua hii watu huiruka kwa sababu inachosha, nami niliiruka. HP ina kipimo chake ndani: washa huku ukigonga F2. Dell ukibonyeza F12 utakiona kwenye orodha kama "Diagnostics". Huhitaji flashi wala Windows. Chagua kupima diski na kumbukumbu ya kazi (RAM), kisha kanywe chai.

Kama Windows ya zamani bado inawaka, weka programu ndogo ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Inasoma rekodi ambazo diski yenyewe inajiandikia. Angalia mistari miwili: "Reallocated Sectors Count" na "Current Pending Sector Count". Namba za hapo zikiwa sifuri, vizuri. Zikiwa zimepanda, hasa huo mstari wa pili, diski ina sehemu ambazo hazisomeki tena, na usakinishaji utakwama kila utakapozigusa. Hapohapo utaona saa ambazo diski imefanya kazi. Ukikuta elfu thelathini usishangae, ofisini ilikuwa haizimwi.

Maoni yangu kuhusu diski za kuzunguka: hata ikiwa nzima, itoe. SSD, yaani diski isiyozunguka, ya GB 256 kwenye mashine ya miaka kumi huleta tofauti ambayo hakuna RAM wala kichakataji kitakacholeta kwa fedha ileile. Na ukiweka diski mpya, nusu ya matatizo nitakayoeleza hapa chini hutayaona.

RAM ni mkorofi kimya. Ikiwa mbovu, faili linanakiliwa kutoka kwenye flashi likiwa zima na kutua kwenye diski likiwa limeharibika, nawe unailaumu flashi. Ukitaka uhakika kuliko kipimo cha kiwandani, tumia Memtest86+, ambayo unaiandika kwenye flashi na kuiacha ifanye kazi kwa saa moja au zaidi. Mstari mwekundu mmoja tu unatosha kuihukumu. Kama kuna vipande viwili, acha kimoja ndani upime, kisha kingine. Na kabla ya kutupa, kitoe, futa meno yake kwa kifutio safi cha penseli, ukirudishe hadi kilie "ka". Nimeshaokoa vipande kadhaa kwa njia hiyo.

Mfumo gani unaifaa mashine hii?

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Wenye kujisajili kwenye mpango wa nyongeza wanapata masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Windows 11 nayo inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (kinga inayoruhusu kuwaka mfumo ulioidhinishwa tu), RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na, kwa upande wa Intel Core, kizazi cha 8 kwenda mbele. Kizazi unakisoma kwenye jina: i5-6300U ni cha 6, i5-8350U ni cha 8, i7-10510U ni cha 10.

Kwa hiyo ukiona "This PC can't run Windows 11" kwenye EliteBook 840 G3, flashi yako haina kosa. Mashine ni ya kizazi cha 6. Programu ya Rufus inaweza kukuandalia flashi isiyoangalia TPM na Secure Boot, na watu wengi wanatumia njia hiyo. Inafanya kazi, ila ujue Microsoft haikuahidi kuipa masasisho mashine ya namna hiyo. Kwa kompyuta za kale kabisa, zile za Core 2 Duo, hata hila hiyo imegonga mwamba: Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 inahitaji maagizo ya kichakataji ambayo hizo hazina, hivyo haziwaki.

Mimi naamua hivi. Kama mtumiaji analazimika kutumia programu fulani ya Windows, tuseme ya hesabu za duka, na RAM ni GB 8 na SSD ipo, naweka Windows. Kama ni mwanafunzi wa kuandika, kuvinjari na kuangalia video, naweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, ile nyepesi ya Xfce, inayoanzia RAM ya GB 2 ingawa GB 4 ndiyo inayostahili. Toleo la 22 linahudumiwa hadi 2029.

Flashi: hapa ndipo nilipoliwa

Pakua faili la ISO, yaani mfumo mzima ukiwa ndani ya faili moja, kutoka kwa wenyewe tu, Microsoft au Linux Mint. Windows 11 inazidi GB 5, Mint ni karibu GB 3, hivyo subiri bando la usiku na tumia programu ya kupakulia inayoweza kuendelea pale ilipokatikia. ISO za kupewa mtaani zikiwa "zimeshaamilishwa" siziweki hata kwenye mashine ya adui yangu. Hujui nani ameweka nini ndani.

Ukimaliza kupakua, hakikisha faili limefika zima. Kwenye Windows fungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo, uandike:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Itatoa mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ulinganishe na ule ulioandikwa kwenye ukurasa uliopakulia. Ikitofautiana herufi moja, faili limeharibika njiani, pakua upya.

Sasa flashi yenyewe. Flashi feki imeprogramiwa idanganye ukubwa wake. Inapokea kila unachoiandikia bila kulalamika, lakini kilichozidi uwezo wake halisi kinaharibika au kupotea. Ndiyo maana yangu ilikuwa inakwama asilimia ileile. H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux huijaza nafasi tupu ya flashi kisha huisoma tena, na uongo unajulikana. Rufus nayo ina kisanduku cha "Check device for bad blocks" kinachofichua jambo hilohilo. Rufus inafuta kilichomo, na kwa hizo nyingine anza na flashi tupu.

Ndani ya Rufus, kwa mashine iliyotengenezwa ndani ya miaka kama kumi na miwili iliyopita, chagua "GPT" (mtindo mpya wa kugawa diski) na "UEFI" (njia mpya ya kuwasha mashine). Kwa mashine ya zamani isiyo na UEFI, chagua "MBR", mtindo wa zamani wa kugawa diski. Ukikosea hapa utakuja kulipia mbele, kama utakavyoona.

Flashi haionekani

Menyu ya kuchagua pa kuwashia ni F9 kwenye HP, F12 kwenye Dell na ThinkPad. Gonga kitufe mfululizo tangu unapowasha, usisubiri nembo. Kama flashi haipo kwenye orodha, badili tundu la USB kwanza; tundu lililolegea ni ugonjwa wa kawaida kwa mashine iliyokaa miaka juu ya meza ya mtu. Kisha rudi BIOS uone kama kuwasha kwa USB kumezimwa, jambo ambalo maofisi hupenda kufanya. Kwenye Acer, F12 yenyewe huwa imezimwa hadi uiruhusu ndani ya BIOS.

Ukiiona mara mbili kwenye orodha, moja ikiwa na neno UEFI na nyingine haina, chagua yenye UEFI.

Kwenye EliteBook 840 G3 kuna mtego mmoja. Ukibadili mpangilio wa "Legacy" (njia ya zamani ya kuwasha) na "Secure Boot" kisha ukahifadhi, mashine ikijiwasha inakuletea tarakimu nne na kukutaka uziandike, halafu Enter. Unapoandika, huenda usione chochote kinachotokea kwenye skrini. Wengi hudhani kibodi imekufa, wanazima, na badiliko linakataliwa. Wewe andika tu, ubonyeze Enter.

Inagoma katikati

Kabla ya kusoma ujumbe, jiulize: inagoma palepale kila mara, au kila mara mahali tofauti? Ikigoma asilimia ileile, nashuku flashi, ISO au sehemu mbovu ya diski. Ikigoma leo 12, kesho 60, kisha 45, nashuku RAM, joto au umeme. Mashine ya mtumba huwa imejaa vumbi kwenye feni na mafuta ya kichakataji yamekauka. Ukiisikia inavuma kama jenereta kisha inajizima ghafla, isafishe kwanza. Na kama betri haikai na chaji, usianze kazi hii siku ambayo umeme unakatikakatika.

Sasa ujumbe unaokutana nao zaidi.

"Windows cannot install required files", mara nyingi na namba 0x80070570, maana yake faili lililosomwa si zima. Rudi kwa mpangilio uleule: tundu jingine, flashi nyingine, ISO iliyohakikiwa, RAM, mwisho diski.

"The selected disk has an MBR partition table" ni ugomvi wa mitindo miwili ya kugawa diski. Umewasha kwa UEFI, inayotaka GPT, lakini diski imegawanywa kwa mtindo wa zamani. Kama hakuna unachotaka kuokoa, bonyeza Shift na F10 pamoja, na dirisha jeusi litafunguka. Andika mstari mmoja mmoja:

diskpart
list disk
select disk 0
clean
convert gpt
exit

Simama kwenye "list disk". Flashi yako nayo imo kwenye orodha, na namba 0 si lazima iwe diski unayotaka. Itambue kwa ukubwa wake, kisha ndipo uchague. Amri ya "clean" haiulizi mara mbili. Ukimaliza funga dirisha, bonyeza "Refresh", chagua ile nafasi tupu uendelee. Windows itagawa yenyewe.

"We couldn't find any drives" inatisha kuliko ilivyo. Mara nyingi diski ipo, ila imefichwa nyuma ya mpangilio ambao kisakinishaji hakiuelewi. Nenda BIOS, tafuta sehemu ya diski. Dell nyingi hutoka kiwandani zikiwa "RAID On", weka "AHCI". Kwenye Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, tafuta "VMD" uizime, au pakua draiva ya Intel Rapid Storage, uifungue kwenye flashi na uipakie kwa "Load driver". Linux nayo huikosa diski kwa sababu hizihizi. Fanya badiliko hili tu unapopiga mfumo upya. Ukilifanya kwenye Windows iliyokwishasakinishwa, inaweza isiwake. Na kama hata BIOS yenyewe haiioni diski, hapo ni kazi ya bisibisi: ifungue, ichomoe, ichomeke tena.

"A media driver your computer needs is missing" jina lake linapotosha. Ukienda kutafuta draiva utazunguka siku nzima. Karibu kila mara nilipokutana nao ilikuwa flashi iliyoandikwa vibaya au tundu la USB.

Imemaliza, lakini haiwaki

Ikirudi kwenye kuchagua lugha, chomoa flashi. Inatakiwa itoke mara tu mashine inapojizima kwa mara ya kwanza.

HP ikisema "Boot device not found" na namba 3F0, angalia kama ulisakinisha kwa UEFI huku BIOS imeachwa kwenye "Legacy", au kinyume chake. Vikipishana, diski haitambuliki ingawa mfumo umo. Kwa aliyeweka Linux Mint kwenye EliteBook kuna jambo jingine: baadhi ya HP hutafuta faili la kuwashia la Windows tu na kulipuuza la Linux. Bonyeza F9, chagua "Boot from EFI File", ingia folda ya EFI, kisha ubuntu, ndiyo, Mint hutumia jina hilo, uchague shimx64.efi. Ikiwaka, ujue usakinishaji ni mzima, kilichobaki ni kuipangia BIOS njia hiyo kama toleo lako lina "Customized Boot".

Saa ikirudi nyuma miaka kadhaa kila unapozima, au HP ikakuandikia "Real-Time Clock Power Loss", betri ndogo ya ubao imekwisha. Kwa kawaida ni CR2032 ya volti 3. Kwenye mpakato nyingi inakuja na waya wake. Usiidharau. Tarehe ikiwa mbaya, kivinjari kitakataa tovuti karibu zote, masasisho hayashuki, na Windows haiamilishwi, huku wewe ukiamini intaneti ndiyo mbovu. Mipangilio ya BIOS uliyoihangaikia nayo inaweza kurudi ilikotoka.

Wi-Fi isipoonekana, usiende mjini kununua kifaa. Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na Windows au Mint itaiona kama mtandao wa waya. Kwenye Windows acha masasisho yashushe draiva. Kwenye Mint fungua Kisimamizi cha Draiva. Chipu za Broadcom, zilizojaa kwenye Dell za zamani na MacBook, ndizo zinazohitaji hatua hiyo, ilhali za Intel zilizomo kwenye EliteBook huamka zenyewe.

Kuhusu leseni: ukiombwa namba wakati wa kusakinisha, bofya kwamba huna. Kompyuta za kiwandani tangu enzi za Windows 8 zina namba yao ndani ya ubao, na mashine za ofisi kwa kawaida ni Pro. Ukiweka toleo lilelile, kwa kawaida itajiamilisha ukiunganisha intaneti. Ukiweka Home kwenye mashine ya Pro, au ubao ukiwa ulishabadilishwa na fundi, haitajiamilisha. Hali yake unaiona kwenye mipangilio, chini ya "Activation". Ifungue ukiwa bado ndani ya siku alizokupa muuzaji za kurudisha, na hapohapo jaribu kamera, spika, kila kitufe cha kibodi na kila tundu.